Gundi Nyeusi Chini ya Gari la Baba

Harufu ya mafuta ya giaboksi yaliyoungua haifanani na harufu nyingine ya gari. Si ya petroli, ambayo watoto wengi huipenda, wala si ya oili ya injini iliyozoeleka kila penye fundi. Ni kali, ina uchachu, na inashika kooni kama wali ulioungulia chini ya sufuria. Nikikutana nayo barabarani hapa Mikumi, gari kuukuu likipanda mlima mbele yangu, nafunga vioo haraka, lakini nakuwa nimeshachelewa. Nakuwa nimesharudi Kisanga, kwenye uwanja wetu wa udongo mwekundu, masika ya mwaka niliokuwa darasa la nne. Mama alikuwa mjamzito, na baba alikuwa chini ya gari.

Baba alikuwa dereva, na maringo ya udereva alikuwa nayo yote. Gari lake la abiria lilikuwa la otomatiki, limechoka bodi, ila kwa chini lilikuwa kavu kabisa, halidondoshi hata tone. Sifa hiyo aliitangaza kwa kila aliyetaka kusikia, na kwa wengi ambao hawakutaka. Kwetu, kabla mvua hazijakolea, wenye magari walikuwa na kazi moja: kulala chini ya gari na kuziba kila kiungo kwa gundi nyeusi ya gasketi, ili maji ya mito na madimbwi yasipenye. Wengine walipaka kidogo. Baba hakujua kidogo. Mwaka ule alifungua sampo ya giaboksi, ile karai bapa ya bati inayofunika giaboksi kwa chini na kushika mafuta yake, akaitupa gasketi, ule mpira wa kuziba kiungo, akapaka gundi mzingo mzima, akakaza boliti, kisha akapaka tena kwa nje mpaka vichwa vya boliti vikazama. "Hapa hata mto Mkondoa uje wenyewe," alisema huku akijipangusa vidole. Nilimwamini. Kuhusu magari nilimwamini baba kuliko nilivyomwamini mwalimu.

Mkondoa ukaja kweli. Siku moja baba akitoka Kilosa alikuta maji yamefunika barabara, akaona aibu kugeuza mbele ya abiria, akaingia. Gari lilizimika katikati, maji yakapanda hadi kwenye viti, na likatolewa kwa kuvutwa na trekta. Ile gundi haikuruhusu hata tone, hilo nalisema kwa haki. Maji yalipita juu, kwenye kijibomba cha kupumulia cha giaboksi, ambacho hakuna aliyewahi kukiwazia kwa sababu wote waliwaza ya chini. Lilipofika nyumbani lilikuwa likiwekwa gia linanguruma bila kwenda, halafu linaruka ghafla, na ile harufu inajaa ndani. Baba alichomoa kijiti cha kupimia mafuta. Badala ya kuwa mekundu, yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshachanganyika nayo.

Sasa niseme habari ya mama. Nesi wa zahanati alikuwa amemwambia kwamba mtoto amekaa vibaya, na kwa kuwa mimi nilizaliwa kwa upasuaji, asithubutu kusubiri uchungu nyumbani. Aende Mikumi mapema, akae kwa ndugu karibu na hospitali. Beseni, kanga na nguo za mtoto vilikuwa vimefungwa tayari. Basi la kwenda Mikumi lilipita kwetu asubuhi tu, na asubuhi iliyofuata baada ya gari kurudi, basi lilipopiga honi kwenye kona mama alisimama mlangoni, fuko mkononi.

"Baba Neema, mimi nipande hili."

"Mke wa dereva apande gari la watu, na gari liko hapa uani?" Baba alicheka. "Namwaga mafuta, nasafisha chujio, naweka mapya. Mchana tunaondoka."

Mama aliliangalia basi, akamwangalia baba, akaweka fuko chini. Hakuwa mtu wa kumbishia mumewe mbele za watu, na basi lilikuwa limejaa watu wanaotazama. Likaondoka.

Kumwaga mafuta ilikuwa rahisi. Lakini chujio lilikuwa ndani ya sampo, na kuzichimbua boliti kutoka kwenye gundi ilichukua asubuhi yote, na ya mwisho ilipotoka baba aliweka viganja chini ya sampo ili aipokee. Haikushuka. Akaigonga kwa ngumi, kisha kwa nyundo juu ya kipande cha ubao. Ilikaa vilevile, kama imechomelewa. Shangazi Anjela, dada yake, aliyekuja kumsaidia mama kupika, aliinama akatazama chini ya gari. "Kaka, tafuta kisu chembamba uikate hiyo gundi taratibu, uzunguke nayo." Baba alimjibu kwamba yeye apike. Jua lilikuwa limeshapita utosini na hasira zilikuwa zimempanda. Akachukua patasi, akaichomeka kwenye kona, akapiga. Nilisikia bati likilia. Kona moja ilipinda kuelekea chini kama mdomo wa sufuria iliyoanguka, na kwingine kote gundi ikabaki imeshika.

Hapo ndipo mama alipoita kutoka jikoni. Hakupiga kelele. Aliita jina la shangazi mara moja tu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nami nikajua.

"Funga hivyo hivyo!" shangazi alimwambia baba. "Rudisha boliti, weka mafuta mapya, twende!"

Alirudisha boliti, akamimina mafuta. Yaliingia kwa juu na kutokea kwenye ile kona iliyopinda, mekundu, yakimtiririkia kifuani. Akalala chini akajaribu kuziba kwa kidole. Mtu mzima, baba yangu, kwa kidole. Nilitaka kumwambia aache, nikaogopa.

Mama aliondoka kwa bodaboda ya Saidi, kijana wa jirani. Alikaa katikati, shangazi akakaa nyuma akimkumbatia, na pikipiki ikaserereka kwenye tope hata kabla ya kufika kwenye kona. Baba aliifuata kwa miguu, mbio, mpaka akapata pikipiki nyingine mbele. Mimi nilibaki kwa jirani na fuko la mama, maana hapakuwa na pa kulibebea.

Baba alirudi siku iliyofuata, kwa basi, lile lile la watu. Alishuka taratibu amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kanga. Mama alikuwa amesalimika, amelazwa. Mdogo wangu, wa kiume, alichoka njiani kabla hajafika kwa daktari. "Shikamoo baba," nilisema, kwa sababu sikujua la kusema. Hakuitikia. Ni mara pekee maishani mwangu ambayo baba hakuniitikia marahaba.

Tulipotoka kuzika, alivua koti, akaingia chini ya gari na nguo zake nzuri. Akafungua boliti zote, akaigusa ile kona kwa vidole. Sampo ikashuka mikononi mwake bila hata sauti. Mafuta yaliyobaki yalikuwa yameshinda yakiilainisha gundi. Niliona miguu yake tu, viatu vya kanisani vikichimba udongo, nikamsikia akilia.

Siku hizi barabara imetengenezwa, na mjamzito wa Kisanga akizidiwa, simu hupigwa na gari la kumpeleka hospitali likamfuata. Nafurahi, na nikifurahi nakasirika. Baba bado anaendesha, gari lingine, na wakija na mama kututembelea hapa Mikumi, linaacha matone mekundu kwenye sakafu ya mbele ya nyumba. Juzi mume wangu alimwambia kwa adabu kwamba sampo ile inavuja, amletee fundi aipake gundi kidogo.

"Acha ivuje, mwanangu," baba alisema. "Siku nikitaka kuifungua, ifunguke."

Mume wangu alicheka, akidhani ni utani wa mzee. Mama hakucheka. Alichukua kopo tupu, akaliweka chini ya gari, akalisogeza kwa mguu mpaka tone likaangukia ndani.