Niliweka taa kali za nyuma nionekane kwenye mvua, mtu akavunjika mguu

Wakuu, heshima kwenu. Hili jambo nimekaa nalo wiki tatu na leo nalitoa. Sitaongeza chumvi, maana hata bila chumvi aibu yake inanitosha.

Mimi ni Mnyarwanda niliyekulia Karagwe, Tanzania. Sasa naishi Kagarama hapa Kigali, na kazi yangu ni ya mizigo kule uwanja wa ndege, Kanombe. Naendesha RAV4 ya zamani, ile isiyo na taa ya tatu ya breki juu ya kioo.

Kigali ni vilima vitupu. Mvua ikishuka na ukungu juu yake, gari la mbele hulioni mpaka ulikaribie.

Siku moja tunarudi nyumbani, mke wangu mbele, binti yetu Keza kiti cha nyuma, lori likatujia kwa nyuma likatukwepa kwa chupuchupu. Dereva wake alisimama kabisa kunifokea kwamba taa zangu za nyuma ni mshumaa. Nilikasirika, lakini alikuwa sahihi.

Nikaapa kwamba gari langu litaonekana mpaka Burundi.

Nikampelekea fundi mmoja wa huku Kicukiro, jina namhifadhia. (Sijui kwa nini namhifadhia.) Akang'oa balbu za zamani, akaweka za LED. Wakuu, zile taa ziliwaka! Wekundu wa kuumiza macho.

Nikauliza, na breki? Akasema kanyaga. Nikakanyaga, akainua dole gumba: "Nta kibazo, boss." Yaani hakuna shida.

Ilikuwa mchana wa jua kali na taa za kawaida nilikuwa nimezizima. Hilo mliweke akilini.

Kisha akanikabidhi balbu zangu za zamani ndani ya bahasha ya kaki. "Hizi usitupe, boss. Siku ya kontroli unarudisha hizi. Ukishapita, unaweka zile. Wale watu hawapendi taa ya kubadilisha."

Kontroli ni ule ukaguzi wa gari wa lazima. Na hapa niseme tu ukweli wetu. Kuna jirani yangu hupita kontroli na tairi zangu. Asubuhi tunabadilishana getini, jioni kila mtu na zake. Hakuna anayeona ni kosa, tunacheka na kunywa soda.

Basi nami nikafanya kama nilivyoelekezwa. Nikapita vizuri kabisa, na jioni LED zangu zikarudi mahali pake.

Sasa njooni siku yenyewe. Alasiri, mvua inapiga, nimewasha taa kama dereva mwenye akili. Nateremka Kicukiro taratibu, mwanafunzi akaingia kwenye zebra, nikashika breki.

Nikasikia kishindo nyuma.

Alikuwa motari, ndivyo tunavyowaita waendesha pikipiki huku. Pikipiki imelala, yeye amekaa kwenye maji ameshika mguu. Abiria hakuwa naye, namshukuru Mungu.

Mimi nilishuka na hasira, siyo na huruma. Nikamwambia, "Huna macho wewe? Taa zote hizi huzioni?"

Akajibu akiwa amekunja uso kwa maumivu, "Boss, taa niliona. Iko inawaka vilevile, haikubadilika. Nilijua unaenda."

Nikamwita mwongo mbele za watu. Askari wa usalama barabarani wakaja, wakapima, wakaandika. Nikatoa maelezo kwamba taa zangu ni mpya kabisa na kontroli nimepita. Aliyegonga kwa nyuma ndiye mwenye kosa, kwa hiyo leseni yake ikachukuliwa, naye akapelekwa hospitali. Jina lake Faustin. Pikipiki ndiyo chakula cha watoto wake watatu.

Nilifika nyumbani nikiwa bado nafoka. Mvua ilikuwa haijakatika, na taa za gari bado zilikuwa zinawaka. Mke wangu akatoka na mwavuli kuangalia bampa ilivyobonyea, akaniambia nijaribu breki, isije ikawa waya umekatika.

"Kanyaga, Baba Keza."

"Nimekanyaga."

"Hujakanyaga. Kanyaga basi!"

"Nimekanyaga, Mama Keza!"

Akasema, "Njoo usimame huku wewe mwenyewe."

Nikasimama, akaingia yeye akakanyaga. Akaachia, akakanyaga tena. Wakuu, hakuna kilichobadilika hata kidogo. Balbu ile inatakiwa iwe na mwanga wa aina mbili: hafifu ukiwasha taa, mkali ukishika breki. Zile takataka zilikuwa na mmoja tu. Ukiwasha taa zinawaka kwa nguvu zote, na breki haina cha kuongeza. Mchana wa jua, taa zikiwa zimezimwa, breki inaonekana vizuri. Kwenye mvua, ambako ndiko nilikoziwekea, hakuna anayejua kwamba unasimama.

Hasira ikarudi mara mbili.

Asubuhi nikamfuata fundi. Unajua alinijibu nini? "Boss, si uliomba zionekane? Ziko zinaonekana." Nikamwambia mtu amevunjika mguu. Akanitazama bila wasiwasi: "Lakini kontroli ulipita, siyo?"

Nilitaka kumkaba. Nilishindwa kwa sababu ile bahasha ya kaki niliibeba mimi, kwa mikono yangu. Kule kontroli kuna mtu kazi yake ni kusimama nyuma ya gari, taa zikiwa zimewashwa, na kusema kanyaga breki. Angeliona kosa pale pale. Mimi ndiye niliyemficha asilione.

Akaja shemeji yangu, mtu wa kanisani kabisa. "Shemeji, nyamaza. Karatasi imeshaandikwa. Ukifungua mdomo bima inakutupa, na yule motari atapona tu." Huyu ndiye anayetuombea chakula kila Jumapili! Nilimwonyesha mlango, na bado sijajuta.

Nikaenda hospitali. Nilipanga maneno njia nzima. Faustin aliponiona alijaribu kukaa vizuri, mguu una bandeji ngumu mpaka kwenye paja, akanitangulia kusema.

"Boss, unisamehe. Polisi walinieleza. Labda kweli macho yangu iko na shida. Nimeomba daktari anipime."

Wakuu, mtu aliona sawasawa, tukamsema mpaka akaacha kuyaamini macho yake.

Nilimweleza yote pale pale. Hakunitukana. Aliuliza kitu kimoja tu: "Hiyo utasema na polisi?"

Nikaenda siku hiyo hiyo. Afande akasikiliza, akaniuliza, "Sasa kontroli ulipita na nini?" Nikamwambia na balbu za kwenye bahasha. Hilo nalo akaliandika.

Cheti changu cha ukaguzi kimechukuliwa, kesi imegeukia kwangu, na bima wananizungusha. Sawa, nastahili. Leseni ya Faustin imerudi, ila mguu bado, na pikipiki hawezi kuikalia. Chakula cha wale watoto sasa kiko kwangu.

Ninachowaomba ni hiki. Leo washa taa za gari lako, mwambie mtu asimame nyuma, kisha ukanyage breki. Asipoona tofauti, ng'oa hizo balbu kabla hujarudi barabarani. Na kile unachokitoa ili upite ukaguzi, jiulize unamficha nani.

Wenye uzoefu wa taa nzuri za mvua na ukungu, nifundisheni hapa chini. Na wale mnaokubaliana na shemeji, andikeni pia, sikatazi mtu. Ila kwanza mniambie mngemjibu nini Faustin alipowaomba msamaha.