Panga Pana la Mashua

Ilianza Jumanne, saa tisa na nusu mchana. Saa naikumbuka kwa sababu karani wa boma alikuwa na saa ya mkononi, na kila akisema maneno mawili aliitazama. Mimi nilikuwa nje ya jiko nachambua mlenda. Nilikuwa darasa la sita, mwoga wa watu kiasi kwamba hata shikamoo yangu ilitoka kwa kusukumwa. Bado niko hivyo, unanijua. Ndiyo maana naandika. Juzi nimefika likizo kutoka bwenini, na jana nikashuka mpaka ziwani Kitangiri. Mashua imepinduliwa nyasini, kuku wanatagia chini yake. Leo acha nikwambie.

Wakati ule baba ndiye alikuwa dereva wa mashua ya boma. Masika barabara ikigeuka tope, wagonjwa walivushwa naye kwenda zahanati ng'ambo. Nyumba yetu ilinuka perege wa kukaushwa na petroli, na sisi hatukuisikia tena harufu hiyo mpaka mgeni aseme. Jioni mama hakuhitaji saa. Akisikia mashine ya mashua inakuja kutoka kwenye matete, anabandika maji ya ugali. Baba akinawa, ugali wa uwele uko tayari.

Basi panga la mashine, lile la chuma lenye mbawa tatu linalozunguka majini na kuisukuma mashua, lilikuwa limevunjika kwenye kisiki. Karani alileta sanduku lenye mapanga mapya mawili, moja pana na moja dogo, pamoja na karatasi ya Kiingereza. Baba hakujua Kiingereza, akaniita nisome. Nilisoma polepole, kidole kwenye mstari, na nikaelewa. Ilisema mashua ya mizigo ifungwe panga dogo, na kwamba ijaribiwe ikiwa na mzigo wake wa kila siku, ili ujue kama mashine inaweza kuzunguka mpaka mwisho wa nguvu zake. Hata bila karatasi ningeelewa. Bibi alikuwa akisema mbuga hailimwi kwa jembe pana. Kwenye udongo mweusi mzito alichukua jembe lake lililolika, na waliomcheka walikuwa wamekaa chini kwa uchovu kabla ya jua kali.

Karani hakungoja. Alisema Bwana Shauri, mkubwa wa boma, anataka mbio, na panga pana ndilo lenye mbio.

"Mzee, plau inavutwa na ndama au maksai?" akamwuliza baba, watu wakacheka. Kisha akanigeukia. "Si ndivyo ilivyoandikwa, binti?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Jumatano walifunga panga pana, wakaijaribu mashua wao wawili tu, baba na karani, bila mzigo. Ilikwenda kama imefukuzwa, ndege mwari wakaruka ziwa zima, na sisi watoto tukapiga vigelegele ufukweni. Mimi nami nilipiga. Lakini baba alirudi bila kucheka, na wakati wa kula aliongea mara moja tu, akasema mashine inaguna.

Alhamisi asubuhi mtoto wa jirani yetu, wa miaka miwili, alibanwa kifua. Jirani, mama yake, alipanda naye mashuani, pamoja na wagonjwa wengine watano na magunia mawili ya chumvi. Tulisikia mashine ikinguruma chini chini, kama mtu aliyebeba mzigo asioweza kuutua. Haikushika mwendo. Ilipofika katikati ya ziwa ikatoa moshi, ikanyamaza. Upepo uliwasukuma kwenye matete, na huko walikaa mpaka wavuvi walipowafikia na kuwasukuma kwa pondo. Mtoto alikata roho kabla ya kuiona ng'ambo.

Baba alifika nyumbani jioni kwa miguu. Karani alikuwa ametangulia kutuma neno kwamba dereva ameua mashine kwa uzembe. Nilimpelekea baba maji ya kunawa nikamwambia kwamba karatasi ilitaka panga dogo.

"Hata mimi nilijua, mwanangu," akasema. "Masikio yaliniambia tangu jana. Nikajiambia karani ndiye msomi."

Baba hakurudi kazini. Siku hizi analima uwele, na ziwani hashuki. Samaki ananunua kwa watu. Barabara imepata daraja, wagonjwa wanapita juu kwa lori. Jirani amehamia kwa kaka zake, Iguguno. Mama sasa anakisia wakati wa ugali kwa kivuli cha ukuta, na mara nyingine anabandika mapema mno, anakaa akiyatazama maji yakichemka. Sauti ile ya mashine hakuna anayeitaja hapa nyumbani.

Lakini Ijumaa ile asubuhi, siku ya kumzika mtoto, nilipeleka maji msibani kama wasichana wengine. Karani alikuwa amekaa na wazee, anaeleza uzembe wa dereva. Baba alikaa nyuma kabisa, kichwa chini. Nikautua mtungi. Sikwenda kwa karani. Nilipita mbele ya wazee wote nikapiga magoti kwa jirani.

"Mama," nikasema, "niliisoma ile karatasi. Ilisema panga dogo. Karani aliponiuliza, nikaitikia uongo."

Karani akaitazama saa yake. Jirani alinitazama. Nilingoja pale chini mpaka magoti yakauma. Basi nikainuka, nikamimina maji kwenye pipa, nikajitwika mtungi mtupu, nikarudi kisimani kuteka mengine.