Kiwanja cha Ishirini na Moja

Siku yangu ya kwanza ya kupima viwanja katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, msimamizi alinipa kamba yenye mafundo yaliyoachana sawasawa, akaniambia nitengeneze kona. Alikuwa mwanajeshi mstaafu kutoka Mbarara, na sote tulimwita Afande. Mimi nilikuwa mkimbizi, mkulima kutoka Fizi, Kongo. Kamba niliijua kwa kufungia mbuzi. Akanionyesha: upande mmoja nafasi tatu, wa pili nne, wa tatu tano, kisha vuta. Kona ikakaa mraba.

"Nyumba ya mtu iko kwa hii kona, mzee," akasema. "Wewe kosa leo, yeye atateseka miaka."

Wageni, yaani wakimbizi wapya, walisajiliwa kwenye kituo cha Kabazana, nasi tuliwatangulia porini na vigingi na dekametre, yaani ule utepe mrefu wa kupimia. Vijana wa miaka kumi na minne, kumi na mitano, ndio walioshika ncha zake. Wengi walikuwa wameacha shule kwa sababu ya Kiingereza. Hesabu iliyowashinda ubaoni waliifanya kwa miguu. Noella, binti wa jirani yangu Simoni, aligundua mwenyewe kwamba hatua zake ishirini na saba ni mita ishirini, na akawa anakagua utepe kwa kutembea.

Msimu mmoja wageni walikuja wengi, na mvua ilikuwa karibu. Gurudumu la lori likachana mita ya kwanza ya utepe wetu. Nikaikata. Utepe wa namna hiyo huanzia moja, kwa hiyo ukitaka ishirini unasoma ishirini na moja. Nililijua hilo vizuri. Lakini siku ile nilikuwa na homa, nikasahau kuwaambia vijana.

Mstari wetu ulikuwa wa mita mia nne, kutoka barabarani hadi kwenye kinamasi: viwanja ishirini, kila kimoja upana wa mita ishirini, kimojawapo cha Simoni, aliyekuwa bado hana shamba. Jioni tulipata ishirini na kimoja. Afande akafurahi kwamba familia moja zaidi imepata pa kukaa.

Noella akanivuta pembeni. "Papa Elia, udongo haizalake watoto. Hii parseli, hii kiwanja ya makumi mbili na moja, imetoka wapi? Hatua zangu zinafika makumi mbili na sita tu."

Nikautazama utepe: vijana walikuwa wamesoma ishirini, si ishirini na moja. Nilimkimbilia Afande. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Watu wamelala nje wiki mbili," akasema. "Karatasi zimeandikwa. Wewe nyamaza, na mimi nanyamaza."

Nikanyamaza. Noella nilimwambia ni mita moja tu.

"Mita moja kwa kila mutu, Papa. Na kwetu pia." Akaweka kigingi chini, akaenda kwao. Kesho yake hakuja kazini, wala siku nyingine yoyote.

Mwaka wa tatu baada ya hapo Simoni alipima shamba lake kwa kamba. Karatasi yake ilisema ishirini, ardhi ikasema kumi na tisa. Akaamini jirani wa upande wa chini amehamisha mpaka. Waligombana juu ya mistari miwili ya maharage, majembe mkononi. Simoni alipigwa kichwani, akapelekwa Mbarara, akafa siku ya tatu.

Kaburini, kabla hajashushwa, nilisimama nikaeleza habari ya utepe. Hakuna aliyenitukana. Noella alinitazama tu, akasema, "Ungesema wakati ule, Papa."

Nilikwenda Isingiro nikaandikisha maelezo polisi. Yule jirani alifungwa hata hivyo. Nilimtafuta Afande kwake Mbarara, ambako alikuwa ameacha kazi ya viwanja akifuga ng'ombe. "Lakini ilikuwa mita moja, mzee," akasema, akaagiza niletewe chai. Sikuinywa.

Noella naye alihamia Mbarara. Nasikia anapimia mafundi misingi ya nyumba, na kwamba kijana anayeanza kazi kwake hupima mara tatu kabla ya jembe kugusa udongo.

Mimi nimestaafu, macho hayaoni tena namba ndogo. Ninyi mliokuja kuandika habari zetu mnaniuliza vijana wa wakati ule walijifunzaje hesabu bila kitabu. Walijifunza kweli. Mkubwa wao, yaani mimi, ndiye aliyeona jibu akalificha.

Mpaka ule haujarekebishwa hadi leo. Mjane wa Simoni hupalilia hadi kwenye kigingi nilichokipigilia mimi, kisha hugeuka. Nikipita namwamkia. Anaitika bila kuinua kichwa.