Kilio cha Koko kwenye albamu yetu

Admin, nifiche kabisa, hata picha yangu isionekane. Mimi ni dada wa miaka ishirini na sita, naishi Bunia, napiga gitaa katika bendi ya roki. Ndiyo, roki, Bunia hii hii. Wa kucheka acheke, ila mwenzenu chakula hakipiti.

Hatuna mfadhili. Albamu tuliirekodi wenyewe katika chumba tulichokiziba kwa magodoro, tukisimama kila jenereta ya jirani ilipowaka. Wimbo wa mwisho nilitaka sauti ya nyanya yangu, tunamwita Koko. Alikimbia vita kutoka Djugu, sasa anaishi kambini. Nikamwomba alie kama wanavyolia msibani kwao. Alilia mpaka mpiga ngoma wetu akatoka nje. Mimi nimelelewa mjini, lugha yake naisikia nusunusu. Nilitambua majina ya wajomba zangu waliouawa, nikadhani ni hayo tu.

Tukauachia wimbo huo kwanza, watu waonje. Ukaenda simu kwa simu hadi Mongbwalu. Juzi, tukitoka mazoezini, mwanaume nisiyemjua akanisimamisha, mpole kabisa.

"Dada, mwimbo yenu iko muzuri. Ule mumama muzee mwenye analia, anaishi fasi gani?"

Nikasema sijui. Akatabasamu. "Haina shida. Tutamutafuta siye wenyewe."

Nilikimbilia kwa mama, nikamwekea wimbo. Alisikiliza, akashika kichwa. "Mulifanya nini, mutoto yangu?" Kumbe kwao anayelia msiba humtaja na aliyeua. Koko ametaja jina la mtu na la baba yake. Mtu huyo yuko hai, na ana watu wake. 

Nikaenda kambini kumsihi Koko ahamie kwa ndugu zetu kule Boga. Akakataa.

"Nilijua mwimbo yenu itafika kwake. Wacha asikie. Na weye usiniondoe mule ndani ya mwimbo."

Albamu nzima inatoka Jumamosi. Wenzangu wanataka tuikate sauti yake, ingawa wimbo uko tayari kwenye simu za watu. Nikikubali, nitamtazamaje Koko? Nikikataa, watu wale wakampata, nitaishije? Kila pikipiki ikisimama nje nazima taa.

Niambieni la kufanya, ndugu zangu, naogopa sana. Na anayeijua kambi ya Koko, nakuomba, usiiandike hapa chini.