Siku Nilipotafuta Kivuli Changu Naivasha

Chekeni kabisa mmalize ndiyo niwaambie, maana aibu hii nimeibeba tangu miaka ile ya hamsini na bado nikiona Ziwa Naivasha masikio yananichoma.

Mzungu niliyekuwa namwendeshea pampu ya maji shambani alirudi kwao Ulaya, akaniachia mashua yake ndogo ya mbao, ya tanga, iliyolala bandani kiangazi chote. Nikaipaka rangi ya bluu mara tatu mpaka ikang'aa (mimi na sifa, mnanijua). Mchumba wangu Rasoa akasema, "Wewe, hizo mbao zimekauka, si uiloweshe kwanza zifure?" Niloweshe rangi mpya? Siwezi! Jumapili hiyo wazazi wake walikuwa wanakuja kutoka landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, kuona kama ninafaa kumwoa, na baba yake alishasema sina kitu ila mdomo, kwa hivyo nikaamua wakifika ziwani wanione natokea majini, tanga juu, kama bwana DC.

Sijaenda mbali nikasikia miguu baridi, kuangalia, maji yanaingia kila upenyo, nikageuza mbio, upepo wa mchana ukanipata ubavuni, wimbi moja likamwagika ndani, mashua ikajaa pomoni. Haikuzama, mbao ni mbao, lakini nilikaa ndani ya maji mpaka kifuani, ikinipeleka inakotaka, hadi katikati ya mafunjo. Halafu upepo ukanyamaza. Jamani, kimya kile! Nikageuka nione nilipoingilia, hakuna njia, mafunjo yamefungana nyuma yangu (yale huelea, hutembea yenyewe, lakini siku hiyo nani angenieleza?). Kiboko akapumua karibu, phuuu, na sikumwona. Niliogopa mpaka nikasahau kuomba.

Nikavua suruali na shati, nikararua, nikasokomeza kwenye nyufa, nikachota maji na kofia mpaka mikono ikafa ganzi. Mafunjo yakaachana polepole, upepo ukarudi, tanga likashika. Ndipo nikasikia kina mama wa kanisa wanaimba ufukweni, ule wimbo wetu wa matanga. Nikajiuliza, wanamlilia nani leo?

Nikatokea nimesimama, "Ni mimi! Nimerudi!" Wimbo ukakatika. Wote wakageuka, mmoja mmoja, wakanipa mgongo. Nikamwita Rasoa, kimya. Nikashuka nikawasogelea, nao wakasogea mbele, migongo tu. Nikaangalia chini nitafute kivuli changu, na mawingu yalikuwa yameziba jua, kivuli hakuna, na wazee husema mfu hana kivuli. Hapo nikajua nimezama, mwili uko kule kwenye mafunjo, na Rasoa ndiyo basi. Nikaangua kilio, nikimlilia mama mkwe, ambaye kwetu Maragoli hata mkono humpi: "Mama, kwani mimi nimekufa?"

Akajibu bila kugeuka, "Hujafa, mwanangu. Uko uchi."

Baba yake akanirushia koti kinyumenyume. Kumbe waliona tanga likipotea kwenye mafunjo, wakadhani nimezama. Kwetu hilo si la kucheka, nilitoa mbuzi na blanketi la kuondoa aibu, ndipo mzee akakubali, akasema sasa mdomo umepungua. Rasoa nikamwoa. Mashua niliilowesha, ikafura, haikuvuja tena hata tone, lakini niliapa sipandi chombo cha majini tena, na kuku wakatagia humo. Ila mama mkwe, maisha yake yote, nikiingia alikuwa anageuza kiti akatazama ukuta, ananiuliza habari za watoto amenipa mgongo, na mimi kabla sijamjibu lazima niangalie chini kwanza, nione kama kivuli kipo.