Taa Nyeupe ya Baba na Matumbawe ya Area 49

Niliijua harufu ya bahari kabla ya kuiona bahari, na mpaka leo sijaiona. Ilikuwa ikinipokea mlangoni kwa Bwana Salim, Area 49, Lilongwe, mji ambao bahari iko mbali nao kabisa: harufu ya chumvi, ya maji yanayozunguka bila kuchoka, na ya kitu kingine kama ganda la yai lililopasuliwa sasa hivi. Mama alisema ni uvundo. Mimi nilisema ni tamu, lakini nilisema moyoni, maana nilikuwa mtoto wa kusemea moyoni. Nilikuwa na miaka kumi. Mwaka ule tulitoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwa sababu Bwana Salim, mwenye duka la vitambaa Old Town, aliupenda ushonaji wa Mama, akampa kazi ya kumshonea na kumsafishia nyumba, pamoja na chumba cha uani tukae watatu. Chumba kile kilikuwa na swichi ukutani. Niliiwasha na kuizima mpaka Baba akaanza kuniita Bi Umeme. Dzaleka tulikuwa na kibatari, kisha tochi iliyofungwa darini kwa mpira wa baiskeli, na taa nzuri ilikuwa ile inayofika mbali. Hatukuwa na kipimo kingine.

Sebuleni kwa Bwana Salim kulikuwa na tangi la kioo, refu kama kitanda. Ndani yake mlikuwa na samaki wawili wa njano na mawe ya ajabu: mengine ya zambarau, mengine ya kijani, mengine yana vidole laini vinavyopunga kama watu wanaoagana. Yeye aliyaita matumbawe. Alikulia Tanga kabla wazazi wake hawajahamia Malawi, na alisema mtu aliyezoea bahari akiikosa lazima aitafutie mahali, hata kama ni kwenye kona ya sebule. Maji yenyewe aliyatengeneza kwa chumvi iliyotoka Afrika Kusini. Mama, aliyeacha ziwa lake Bukavu, alimwelewa upesi. "Kumbe na yeye iko mukimbizi," aliniambia jikoni, "sema ye alibeba maji yake."

Kisha taa za tangi zikaungua. Bwana Salim alikuwa anakwenda Blantyre kufuata mzigo wa vitambaa, akamwita Baba, ambaye kambini alikuwa fundi wa redio na wa taa za kanisa. "Baba Furaha, nichagulie taa zenye nguvu. Nusu nyeupe, nusu buluu. Nakuamini." Nilifuatana na Baba hadi Old Town. Muuzaji alituwashia zote mbili juu ya meza ya duka. Ile ya buluu ilipomwangukia Baba usoni, alirudi nyuma kama aliyemwagiwa maji.

"Hii mi naijua. Hii njo taa ya mu bar."

Muuzaji akacheka. "Kwani mzee bar unaijulia wapi?"

"Napitaka inje! Bwana Salim iko muntu wa kusali. Nimutilie taa ya bar mu salon, majirani baseme nini? Alijisemea tu buluu. Nipe nyeupe zote, zile za uwanja wa mpira."

Tukarudi kwa kabaza mbili, baiskeli za kubeba abiria, Baba na taa kwenye ya mbele, mimi na nyaya kwenye ya nyuma, na alipowalipa waendeshaji aliwashukuru kwa Kichewa, "zikomo," kwa sauti ya mtu aliyeokoa heshima ya mwenzake.

Alipoziwasha, nilifunika macho. Sijapata kuona mwanga kama ule ndani ya nyumba. Hata vumbi la chini ya kabati lilionekana, Mama akalikimbilia na ufagio. Samaki walijificha, tukasema wana haya kama mimi, Furaha. Na baada ya siku chache yale mawe yakaanza kubadilika. Zambarau ikafifia, kijani kikafifia, vidole vikajikunja. Kila asubuhi yalikuwa meupe zaidi, meupe kama shuka la kwanza kuanikwa. Mama alipiga makofi. "Ona vile majiwe inaanza kuwa propre! Taa ya Baba Furaha iko inayasugua!" Tulifurahi, jamani. Nakumbuka tulisimama pale watatu tukiutazama usafi ule kama watu wanaotazama picha yao wenyewe.

Bwana Salim akarudi. Hakuvua hata viatu. Alisimama mbele ya tangi, na sauti iliyomtoka sikuitarajia kwa mtu mzima.

"Wanakufa! Nani kawafanyia hivi?"

"Nani banakufa, Bwana?" Mama aliuliza. "Samaki beko wazima."

"Matumbawe, Mama Furaha! Hawa ni wanyama!"

Mama akaziba mdomo kwa kanga. Wanyama? Ina maana tulikuwa tumewashangilia wakiungua? Wamesema wahenga kuwa usilolijua ni kama usiku wa kiza, lakini sisi kiza chetu kilikuwa katikati ya mwanga mkali kuliko wote niliowahi kuuona. Nikafikiria chumba cha uani, swichi, shule yangu mpya, na lori la kuturudisha Dzaleka.

Baba alisogea mbele. "Buluu mi njo nilikataa."

"Kwa nini?"

"Ni taa ya bar, Bwana. Nililinda heshima yako."

Bwana Salim akamgeukia. "Ya bar," alisema. Akaketi sakafuni, akaanza kucheka, na katikati ya kicheko nikaona machozi, wala sikujua kipi kilikuwa cha kweli. Ndipo akatueleza: ndani ya kila tumbawe mnaishi vimea vidogo mno, vinakula mwanga na kumlisha mwenyeji wao. Huko chini baharini mwanga unaowafikia ni wa buluu zaidi, tena umepunguzwa na maji. Ukizidi ghafla, vimea vinatoka, na mnyama anabaki mfupa na njaa. Ilibidi mwanga upunguzwe, lakini taa zile hazikuwa na kitufe cha kupunguzia.

Mama akatoka, akarudi na chandarua chetu cha kambini. "Kwetu mutoto akizaliwa hatumutoe mu jua mara moja," alisema. "Tunamufunika, kisha tunafunua pole pole." Alikikunja mara nyingi, akakitandaza juu ya tangi. Baba alikwenda mwenyewe kuinunua taa ya buluu, ameinamisha kichwa, akaifunga. Kila juma Mama aliondoa mkunjo mmoja. Hatukufukuzwa. Matumbawe wengine walirudi, kwanza rangi ya kahawia kama chai, kisha siku moja zambarau kidogo pembeni. Yule mkubwa wa kijani hakurudi. Bwana Salim aliuacha mfupa wake humo humo.

Sasa namaliza sekondari, na tuko tena Dzaleka, kwa sababu Bwana Salim alizeeka akahamia kwa watoto wake. Moja ya zile taa nyeupe alimpa Baba, nayo imo kanisani kwetu, inafika mbali kweli. Sina tena swichi wala harufu ya chumvi. Jumapili iliyopita aliletwa msichana wa rika langu, ametoka Kivu Kusini juzi, peke yake. Akina mama wakamzunguka chini ya taa ile: baba yako iko wapi, mulipita wapi, nani alikufa? Alikuwa anajikunja. Nilimwona anavyokuwa mweupe midomo, nikapata mshituko ule ule wa sebuleni.

Mama akainuka. "Mumuache kwanza," alisema. "Mumuwekee chandarua."

Wakamtazama kama amechanganyikiwa. Baba peke yake aliinamisha kichwa. Mimi nikasogea kwenye benchi, nikakaa kati ya yule msichana na wale akina mama, na sikumuuliza kitu.