Siku Niliyoizima Mashine ya Mvua

Jamani, haya mambo huwa siyasimulii, na kama kuna mtu wa ofisini kwetu anasoma hapa, tafadhali acheke kimoyomoyo, asianze tena.

Mimi ni mtu wa Bukoba. Kwetu mvua inanyesha unapofua, unapoolewa, unapozika, haina ratiba wala adabu. Nikapata kazi Dodoma mjini, kwenye ofisi ndogo iliyoweka vipima mvua huko juu Busi, Kondoa. Mvua ikipiga kule, vipima vinatuma taarifa kwenye kompyuta ya kukodi iliyoko ng'ambo (ndiyo hiyo tunayoiita klaudi, unailipia iwe inafanya kazi au imekaa tu), nayo inatuma ujumbe kwenye simu za watu wa bondeni, upande wa Bahi, watoke mtoni. Maana mto wa huko ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, watu wanachimba visima humo, wananywesha ng'ombe humo, halafu siku moja maji yanashuka kutoka mbali wakati kwao jua linawaka. Haya yote nilielezwa siku ya kwanza kazini, nikaitikia kwa kichwa kama niliyeelewa.

Sasa bili ya klaudi ikamtoa jasho bosi wetu, Mama Mwaluko, akaniita. "Koku, humo ndani kuna mashine tunazilipia bure. Zitafute, uzizime."

Nikazitafuta kweli. Nikakuta za majaribio, aliyezifungua alishaacha kazi zamani, zenyewe zinakula dola tu, nikazima. Halafu nikakuta moja haina jina, ina namba tu, na tangu Mei mpaka Oktoba imepokea sifuri. Sifuri juu ya sifuri! Mtu wa Dodoma angeziona angesema, hicho kiangazi. Mimi nikasema, hii imekufa.

"Umewauliza wenzako?" Mama Mwaluko akauliza.

"Ndiyo, mama," nikajibu (sikuuliza mtu, ilikuwa saa ya chakula na nilikuwa na njaa), nikabonyeza, nikaenda kula wali maharage kwa amani kabisa.

Bili ikashuka, nikawa staa wa ofisi. Desemba ilipoingia tukaandaa sherehe ya kuwashukuru wanakijiji wa kule bondeni, wenyewe wakapendekeza tukae shuleni, Mama Mwaluko akakataa, akataka palepale mtoni, kwenye mchanga mweupe na kivuli cha migunga. "Tuna mfumo wetu wenyewe, maji yatatushtukizaje?" Watu wakapiga makofi. Yakafungwa maturubai, vikapangwa viti vya plastiki, pilau likaanza kunukia, na mimi nikaitwa mbele nivishwe khanga kwa kuiokolea ofisi fedha, nikaenda kwa madaha (nilivaa viatu virefu mchangani, mjue akili yangu ilikuwaje).

Simu ya Mama Mwaluko ikaita. Mkono mmoja ameshika maiki, mwingine simu, na kwa zile kelele akaiweka sauti ya nje, basi maiki ikameza kila kitu. Alikuwa Issa, fundi wetu wa Busi.

"Mama, huku mvua inapiga tangu alfajiri! Watu wameshatoka mtoni?"

"Mbona hatujapata ujumbe?"

"Vipima vinatuma, mama, ila mashine ya kupokea haipo. Kuna mtu kaizima!"

Spika zikalirudia neno hilo bonde zima. Mama Mwaluko akanitazama. Nikamnyang'anya maiki, nikapiga ukelele, "Ni mimi! Nimeizima mimi! Tokeni!"

Watu wakakimbilia ukingoni, wanawake wakiwa na watoto mgongoni, wapishi wakiwa na miko mkononi. Lakini Mzee Masima, mwenyekiti wa kijiji, aligeuka nyuma. Ng'ombe wake walikuwa bado visimani.

"Mzee, waache!"

"Niwaache halafu niishi na nini?"

Nikavua viatu nikamfuata, sikuwa na fimbo, nikawa nawachapa ng'ombe kwa khanga ya zawadi huku nalia. Wa mwisho alipanda ukingo miguu imejaa matope ya visimani, Mzee Masima amemshika mkia.

Ndipo nikageuka. Ngurumo ilipanda kutoka ardhini mpaka kwenye magoti yangu, na penye kona ya mto maji yakatokea, ya kahawia, yamebeba miti mizima, yanajaza mto kutoka ukingo hadi ukingo, wala hayana haraka. Juu yetu hakukuwa na hata wingu. Turubai likakunjika likazama, viti vikaelea, sufuria la pilau likapita wima na kifuniko chake. Nilisahau aibu, nilisahau kazi, nikabaki mdomo wazi natazama mvua ya watu wengine iliyosafiri kutwa ikatufikia, nikaona jinsi nilivyo mdogo, na nikaelewa kwamba zile sifuri zote zilikuwa zinaingojea hii.

Fahamu ziliponirudia nikaingia kwenye klaudi kwa simu yangu, nikaiwasha mashine. Nilidhani nafanya la maana. Vipima vya Busi, vilivyokuwa vinabisha hodi tangu alfajiri, vikamwaga taarifa zote kwa mpigo, na pale ukingoni simu za kijiji kizima zikalia pamoja. TAHADHARI. MAJI YANAKUJA. TOKENI MTONI.

Wakasoma. Wakayatazama maji. Wakanitazama mimi.

"Ahsante, mwanangu," akasema Mzee Masima, matope yamemfika kifuani. "Tumeyaona."

Sikufukuzwa, ingawa viti na maturubai nilikatwa kwenye mshahara. Na nimeapa sitazima tena kitu kabla sijamuuliza mtu uso kwa uso kazi yake ni nini. Ile mashine bado ipo, na kila kiangazi nikifungua kompyuta nikaikuta imekaa kimya na sifuri zake, naiamkia shikamoo.